Sindano Kwenye Mkono wa Salamu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema, maana hapa Temeke nikichelewa kusema jambo langu, Mzee Mwishehe huwa ameshalitangaza mpaka Mtoni.

Jina langu Revelian. Mie ni fundi cherehani. Nakaa na cherehani yangu barazani kwa Kurbanali, mwenye duka, nashona kanzu, magauni na suruali za makarani. Dunia ndiyo iliyonifunza, na fimbo yake ni nzito kuliko ya mwalimu. Nimelala njaa. Nimefukuzwa nyumba mvua ikinyesha. Siku moja nilimshonea karani suruali, miguu yote miwili ikawa ya kushoto. Mtaa mzima ulicheka. Nilipoona kicheko hakiishi, nikaingia nami nikacheka.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala, na Temeke ilikuwa na mikorosho mingi kuliko nyumba. Maji tulichota kisimani bondeni. Masika yakinyesha, maji ya mvua yaliteremka na taka za mtaa na kuingia humo humo kisimani. Kwa hiyo mke wangu, Genoveva, alichemsha maji yote ya kunywa. Nesi alimfundisha hivyo, naye hakuacha.

Mama yangu, Ma Kokuberwa, alikuja kututembelea kutoka Bukoba. Alileta kahawa ya kutafuna, senene wakavu na maneno mengi.

"Maji haya yana ladha ya sufuria," alisema mama.

"Ni ya kuchemsha, mama," alijibu Genoveva. "Ya kisimani yana maradhi."

"Mihogo ndiyo inayochemshwa. Maji ni maji."

Akachukua kata, akachota kwenye mtungi wa maji ya kuoshea vyombo, akanywa. Mie nikacheka. Genoveva hakucheka.

Siku chache baadaye, asubuhi, mama alianza kuhara. Kisha akatapika. Tukampa uji mwepesi, akautapika. Tukampa maji, akayatapika. Jua lilipokuwa la utosi, macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Sauti ya mama yangu ilikuwa ya kuita watu wa ng'ambo ya mto. Sasa alikuwa ananong'ona.

Genoveva akamfinya ngozi ya tumbo kidogo, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Revelian, mama anakauka," alisema. "Twende zahanati sasa hivi."

Mzee Mwishehe, jirani yetu, alikuwa anauza makaa kwa rikwama. Aliposikia, akamwaga makaa yote mlangoni kwake, akaja anasukuma.

"Mpandisheni," alisema. "Leo nimepata mzigo wa maana."

Tukamlaza mama juu ya mkeka, tukasukuma mbio. Tulifika zahanati gauni jeupe la mama likiwa na madoa meusi. Akafumbua jicho moja, akanong'ona, "Mwanangu, umenileta hospitali au umeniuza kwa wachoma makaa?"

Nikajua bado yupo.

Mganga wa pale alikuwa Bwana Elinaza, mtu wa Upare. Alikuwa mpole, na pia alikuwa mwalimu wa madresa, yaani wale wanaofunga vidonda na kuchoma sindano. Siku hiyo alikuwa na dresa mmoja anayejifunza, Wilbert, mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri.

Bwana Elinaza alimtazama mama, akamshika mkono, akasikiliza moyo.

"Maji yamepungua sana mwilini," alituambia. "Kunywa hawezi, anatapika. Tutampa maji ya chumvi kwa njia ya mshipa. Wilbert, anza. Mie nina mama anajifungua chumba cha pili."

Wilbert hakuwa mtu mvivu. Alinawa mikono kwa sabuni. Alichukua sindano iliyochemshwa. Alitundika chupa kubwa ya kioo juu ya kitanda, na mpira mwembamba ukashuka kutoka kwenye chupa. Juu ya mpira palikuwa na kibano cha kupunguza na kuongeza maji.

Nami kimya sikiwezi. "Bwana dresa," nilisema, "sindano hiyo nene hata gunia lingelalamika. Mie nakula kwa sindano. Ukikwama, niite."

Hakucheka. Alimfunga mama mkono wa kulia juu ya kiwiko kwa mpira mfupi. Palepale kiwiko kinapokunjika pakaonekana mshipa mmoja. Wilbert akafurahi.

"Mkono huo…" alisema mama.

"Kimya, bibi. Tulia."

"Mkono huo mimi…"

"Kimya kidogo tu, bibi."

Akapangusa ngozi kwa spiriti, akachoma. Damu ikaonekana, maji yakaanza kudondoka. Akabandika plasta, akasema, "Msimguse." Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kazi yote aliifanya vizuri. Jambo moja tu lilimpita: hakumsikiliza mwenye mkono.

Basi wageni wakaanza kuja. Mnajua desturi zetu. Mtu akiugua, mtaa mzima unakwenda kumjulia hali, na mtu hajulii hali mikono mfukoni. Wa kwanza alikuwa Mzee Mwishehe, ametoka kunawa makaa.

"Pole, Ma Kokuberwa," alisema, akanyoosha mkono.

"Mama, mpe wa kushoto," Genoveva akasema haraka. "Huo una sindano."

Mama alikuwa hana nguvu hata ya kufukuza inzi, lakini hapo alizipata.

"Wa kushoto? Mtu ametoka kwake kuja kunitazama, nimpe mkono wa chooni?"

Akaukunja mkono wa kulia, akauinua, akampa. Baada ya Mwishehe akaja mkewe. Baadaye wakaja wanawake wa kisimani. Kurbanali naye akaja, amefunga duka, ameleta machungwa. Kila aliyefika alipewa mkono wa kulia, na kila mara kiwiko kilikunjwa kikakunjuliwa, sindano imo ndani.

Mie nilikaa karibu na kitanda natazama matone. Mwanzo yalidondoka vizuri. Baadaye yakawa mazito kuja. Nikautazama mkono wa mama, nikaona unavimba juu ya kiwiko na chini yake.

Nikaruka juu. "Jamani, tazameni! Maji yameingia! Mama ananenepa!"

"Alhamdulillahi!" alisema Mzee Mwishehe.

"Dawa ya Mzungu kweli ina nguvu," alisema mkewe.

Nami nikaona nisaidie. Kwenye cherehani, uzi ukivuta sana, unalegeza skrubu. Nikakitazama kile kibano. Nikakilegeza mpaka mwisho.

Genoveva alikuwa anamtazama mama usoni.

"Revelian, mbona anajaa mkono tu? Macho bado yamezama."

"Maji yanaanzia mkononi, mke wangu. Mpaka usoni ni safari."

Akaugusa mkono. "Mbona wa baridi hivi?"

"Unaniuma," alinong'ona mama. "Kama unataka kupasuka."

Genoveva alitoka mbio kuita watu.

Wilbert alikuja kwanza. Akaona uvimbe, akashtuka, akaishika sindano ili aisukume ndani zaidi.

"Usiisukume."

Alikuwa Bwana Elinaza mlangoni. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, tulimsikia analia chumba cha pili. Bwana Elinaza alinawa mikono, akaja, akafunga kibano. Akaichomoa sindano, akabana mahali pale kwa pamba safi, akauinua mkono wa mama juu ya mto.

"Wilbert," alisema taratibu, "maji yako wapi?"

"Chini ya ngozi, Bwana."

"Basi sindano ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mshipani, Bwana. Niliona damu."

"Ulipoiacha ilikuwa mshipani. Sasa tazama umeiweka wapi. Kiwiko ni bawaba ya mlango. Mtu akikunja, ncha ya sindano inatoboa ukuta wa mshipa inatokea upande wa pili. Maji hayaendi tena kwenye damu. Yanamwagika nyamani. Mkono unavimba, unakuwa wa baridi, unauma, na matone yanapungua. Ukiona hata moja katika hayo, funga maji, toa sindano. Usisukume."

Kisha akakitazama kibano. "Nani alikilegeza hiki?"

Mzee Mwishehe akanyoosha kidole. "Fundi huyu hapa. Tena alitutangazia mama ananenepa."

"Nilitaka yaende upesi, Bwana Mganga," nilisema.

"Fundi, cherehani ikikuchoma kidole, unaendelea kukanyaga?"

"Hapana."

"Leo umekanyaga. Uzuri wa maji haya ni kwamba ni ya chumvi tu, uvimbe utashuka. Yangekuwa dawa kali, nyama ingeungua. Na hata sindano ingekuwa mahali pake, maji yakiingia kwa kasi hivyo mwilini mwa mtu mzima kama mama, moyo unazidiwa na mapafu yanajaa. Kibano si chako. Matone yakipungua, kazi yako ni kuita."

Nikatazama miguu yangu. Siku hiyo hata utani ulinikimbia. Mama alikuwa amefumba macho. Tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Maji yaliyotakiwa kumwokoa yalikuwa yamelala bure kwenye nyama ya mkono.

"Bwana Mganga," aliuliza Genoveva, "mshipa mwingine upo?"

"Upo. Ila mtu akikauka, mishipa inalala. Lazima tuiamshe." Akamgeukia Wilbert. "Utaweka wewe, mie nimesimama hapa. Ukikosa mara moja, nachukua mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

"Unaanza na nini?"

"Kunawa mikono."

"Kabla ya hapo."

Wilbert akafikiri. Bwana Elinaza hakumsubiri sana, maana mama hakuwa na muda wa kusubiri. Aliinama karibu na sikio lake.

"Ma Kokuberwa, unasalimia na kula kwa mkono upi?"

"Wa kulia," alinong'ona mama. "Nilitaka kumwambia huyu wa masharubu. Akaniambia kimya."

Wilbert akainamisha kichwa.

"Unaanza hapo," alisema Bwana Elinaza. "Mwulize mwenye mkono."

Wakachukua mkono wa kushoto. Nesi akaleta kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto ya wastani, wakauzungushia. Wakauning'iniza kando ya kitanda ili damu ishuke. Wilbert alinawa tena. Akachukua sindano nyingine iliyochemshwa, si ile ya kwanza. Akafunga mpira mfupi, akapapasa kwa kidole, mbali na kiwiko na mbali na kifundo cha mkono, katikati pasipokunjika.

"Upo," alisema. "Siuoni, lakini nausikia chini ya kidole. Unadunduka laini."

"Pangusa spiriti. Acha pakauke. Ukishapangusa usipaguse tena kwa kidole, maana utarudisha uchafu ulioutoa."

Wilbert akapangusa, akangoja. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye masharubu. Nami, mtu wa sindano, nilishindwa kutazama. Nikamshika Genoveva mkono.

"Bibi, nachoma sasa," alisema Wilbert. "Utasikia maumivu kidogo."

Akaingiza sindano.

"Damu," alisema Bwana Elinaza. "Vizuri. Legeza mpira kwanza. Hakikisha njia ya maji haina hewa. Sasa fungua, taratibu."

Tone likaanguka. Likafuata jingine. Wakaweka ubao mwembamba wenye pamba chini ya mkono, wakaufunga kwa vitambaa. Bwana Elinaza alipitisha kidole chini ya kila kitambaa kuona kama hakikubana mno. Mahali sindano ilipoingia hawakupafunika gubigubi. "Tunataka kupaona," alisema. "Usipopaona, utajuaje pamevimba au pamekuwa pekundu?"

Wilbert akataka kuondoka.

"Kazi haijaisha," alisema Bwana Elinaza. "Mwambie mgonjwa na watu wake. Ulisema 'msimguse' ukaenda zako. Neno hilo peke yake halifundishi mtu."

Wilbert akarudi, akachuchumaa karibu na kitanda.

"Bibi, mkono huu usiukunje. Ukiuma, ukiwaka, au ukiwa wa baridi, niite hata kama unaona unanisumbua. Wa kulia nao umevimba, uupumzishe; wageni wakusalimie kwa mdomo. Nami nitapita mara kwa mara kuutazama. Na nisamehe kwa kukunyamazisha."

Mama akafumbua macho. "Nitakusamehe nikipona. Nikifa, utasubiri."

Tulikaa. Chupa ilipungua polepole. Jua lilianza kuinamia upande wa pili, na vivuli vya mikorosho vikaingia dirishani. Midomo ya mama ikapata unyevu. Kisha akamwita Genoveva, akamnong'oneza sikioni. Genoveva akainuka anacheka na machozi yanamtoka.

"Nesi! Leta bakuli! Mama anataka kukojoa!"

Sijapata kuona watu wazima wakiufurahia mkojo namna ile. Bwana Elinaza alitabasamu. Wilbert alikaa kwenye stuli kama mtu aliyetua gunia. "Mkojo ukirudi," alituambia, "ujue maji yamefika yalikotumwa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na deni la moyo. Siwezi kuweka sindano mshipani, na Bwana Elinaza aliniomba kwa heshima nisijaribu. Lakini vile vitambaa vya kufungia ubao nilikuwa nimeviona. Vilikuwa vimechanwa chanwa, nyuzi zinaning'inia, fundo likigoma kufunguka. Kesho yake alfajiri nikachukua vipande vya kitambaa cha marekani vilivyobaki kwenye kanzu za watu. Nikashona mikanda yenye pindo safi na kamba fupi za kufungia. Nikashona pia vipande vyekundu. Genoveva akavichemsha vyote, akavianika.

"Vyekundu vya nini?" aliuliza Wilbert nilipomletea.

"Vya kufunga kwenye mguu wa kitanda. Mgeni akiona chekundu, ajue hapa salamu ni ya mdomo. Watu wa mtaani kwetu kusoma hawajui wote, lakini nyekundu wanaijua."

Bwana Elinaza alivigeuzageuza mkononi. "Fundi," alisema, "leo ndiyo umetumia sindano yako vizuri."

Mchana huo aliwaita madresa wote wanaojifunza, wakasimama karibu na kitanda cha mama. Hakuwafundisha yeye. Alimwacha Wilbert aeleze kila kitu, na kosa lake humo humo ndani. Wilbert hakujificha. Aliwaonyesha mkono wa kulia, uvimbe umeshashuka nusu. Akawaonyesha wa kushoto, maji yanadondoka bila taabu.

"Mie niliutafuta mshipa ulio rahisi kwangu," aliwaambia. "Tafuteni ulio salama kwa mgonjwa. Na kabla ya kuutafuta, mwulizeni mkono anaoutumia."

Tangu siku hiyo desturi hiyo ikashika katika zahanati yetu. Dresa anauliza kwanza. Ananawa, anachoma, anafunga ubao, anaeleza, anarudi kutazama. Mikono iliyovimba ikawa michache, na wagonjwa wakawa wanaita mapema badala ya kuvumilia. Nyumbani kwangu nako, mtungi wa maji ya kuoshea vyombo ulihamishiwa uani, na kata yake ikafungwa kamba.

Lakini jambo jipya halikosi mpinzani. Wa kwanza alikuja jioni ile ile, mama akiwa kwenye chupa ya mwisho, ameegemea mto, anakunywa maji ya kuchemsha bila kutaja sufuria. Mpinzani mwenyewe alikuwa Mzee Mwishehe. Alisimama mbele ya kitanda, akakitazama kitambaa chekundu, akanyoosha mkono hivyo hivyo.

"Mzee wangu," alisema Wilbert, "hapa tunasalimia kwa mdomo. Wa kushoto una sindano, wa kulia bado umevimba."

"Kwa mdomo? Kama naita muuza samaki?" Mzee Mwishehe alikasirika kweli. "Sie tangu babu zetu mgonjwa anapewa mkono. Nyie mnataka kutuondolea adabu kwa kitambaa!"

"Mzee, mpe mguu basi," nilisema.

"Wewe nyamaza, mnenepesha mikono!"

Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Wilbert akajaribu tena kueleza habari za mshipa, lakini Mzee Mwishehe hakuwa tayari kufundishwa. Akamgeukia mama.

"Ma Kokuberwa, wewe ni mtu wa heshima. Jana ulikuwa taabani, ukanipa mkono. Leo una nguvu, unaninyima? Waambie hawa. Mkono wa salamu haurudishwi."

Sote tukamtazama mama. Jana yake tu, yeye ndiye aliyekataa kutoa mkono wa kushoto. Akaweka kikombe chini, akajifuta midomo.

"Mzee Mwishehe, vuta stuli ukae, unisalimie kwa mdomo, nami nitakuitikia. Asiyeitikia ni maiti, na huyo hata ukimpa mikono miwili hapokei hata mmoja."